Mashine ya Wajawazito Kitandani Kwangu

Tangu ultrasaundi ije hospitali ya mjini, watu wa kwetu waliijua kwa kazi moja tu, kumtazama mtoto tumboni. Mwanamke akisema anakwenda kupigwa ultrasaundi haulizwi anaumwa nini. Anaulizwa ana miezi mingapi. Nami nilijua hivyo hivyo, na mama alijua hivyo hivyo, na ndiyo maana ikawa vile ilivyokuwa.

Nilikuwa nimeshaposwa. Watu wa kijiji cha Ole walikuja, wenye mashamba ya mikarafuu, wakakubaliana na wazee wangu kuwa harusi itakuwa baada ya mavuno. Mchumba mwenyewe nilimwona mara mbili, na mara zote mbili nilichoona ni miguu yake, kwa kuwa macho yangu hayakwenda juu zaidi. Shule niliishia darasa la saba. Baada ya hapo kazi yangu ilikuwa mwani, kama wasichana wengi wa upande wa Micheweni. Maji yakitoka sana tunashuka pwani, tunafunga mbegu kwenye kamba, tunavuna, tunabeba hadi juu kwenye mawe kuanika.

Mwaka ule kubeba kulinishinda. Nilikuwa napandisha na gunia, nikifika katikati nasimama, nashika kiuno, wenzangu wananipita.

"Bi harusi anadeka," walisema. "Mwacheni, anajiandaa kubebwa."

Nami nilicheka, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Lakini hata kucheka kulinimaliza pumzi. Ikafika nikawa siwezi kulala chali. Nilalapo nahisi kama ntu kaniwekea mkono mdomoni, basi nikawa nasinzia nimekaa, nimeegemea ukuta. Miguu ikavimba. Kisha tumbo nalo likaanza kujaa, taratibu, na hapo mama aliacha kusema ni pumu, akanipeleka hospitali.

Wakanilaza wodi ya wanawake. Daktari alikuwa kijana wa Unguja, alipofungua mdomo tu tulijua si wa kwetu. Alinisikiliza mgongoni na kifuani juu ya nguo, akakunja uso, akaondoka. Aliporudi alikuwa anasukuma mashine ndogo ya magurudumu, ina kioo kama televisheni ya chumbani na waya wenye kichwa cha kushikia mkononi.

"Sitaki kumzungusha huku na huku," alimwambia mama. "Hali yake si ya kungoja. Nitamtazama hapa hapa kitandani, dakika chache tu nijue kama ni moyo au mapafu."

Mama hakusikia moyo wala mapafu. Mama aliiona mashine.

Na wodi nzima iliiona. Kitanda cha pili kutoka kwangu alilala bibi mmoja wa Ole, mwenye kidonda cha mguu kisichopona. Alijiinua kwa kiwiko.

"Ile si ya wajawazito ile?"

"Ndiyo hiyo hiyo," mwengine akamjibu. "Hata mie mwanangu wa mwisho niliwekewa hiyo."

"Na mbona yule mwari?"

Vichwa viligeuka kunitazama. Kijiko kilichokuwa kikigonga kikombe mahali fulani kikanyamaza.

Mama akasimama kati yangu na mashine. "Daktari, mwanangu huyu hajaolewa."

"Sawa, mama. Mimi natazama moyo."

"Moyo kwa hiyo?"

"Hii inatazama vitu vingi. Nampaka jeli kidogo hapa," akagusa kifua chake mwenyewe, upande wa kushoto, chini ya ziwa, "naweka kichwa hiki, naona moyo unavyopiga. Hauumi."

Alidhani anatutoa wasiwasi. Alipogusa pale, uso wangu uliwaka hadi masikio.

"Yakhe, daktari," mama alisema, "weye kwa umri ni mwanangu, na heshima yako nakupa. Lakini hapo ulipoonesha hapashikwi na ntu ila mumewe."

Kitanda cha mbali mmoja alicheka, akajitia kukohoa. Daktari hakukasirika. Aliinama kidogo anitazame mimi, siyo mama. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

Katika mambo yote yaliyokuwa yakinihusu, nadhani ile ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa. Posa sikuulizwa, niliambiwa. Na pale nilipoulizwa, niliishika kanga yangu kwa mikono miwili chini ya kidevu, nikautazama ukuta. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Daktari alingoja. Mimi nilikuwa nawasikia wale wanawake wakingoja pia.

Tukaondoka alasiri ile ile. Daktari alimpa mama vidonge, akatufuata hadi mlangoni akirudia maneno yake: akizidi kushindwa kuhema, msingoje, mje moja kwa moja kwangu. Mama alimwambia ahsante, baba, ahsante, huku anatembea.

Nyumbani mama alinitetea kabla hata hajatokea wa kunisema. Aliwaambia majirani hospitali ya siku hizi haina adabu, kila anayeingia anawekewa mashine. Walipoondoka aliingia chumbani, akakaa pembeni ya kitanda, akaanza kunikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Mwanangu, nambie mie kabla sijaambiwa na watu."

Nilitikisa kichwa.

"Wallahi?"

"Wallahi, mama."

Aliniamini. Najua aliniamini. Lakini nilipoinuka kwenda uani, macho yake yalishuka tumboni mwangu, na alipoona nimemwona akazidi kukunja zile nguo.

Lililo baya zaidi sikumwambia yeye wala mtu. Sijawahi kuguswa na mwanamme, nilijua hivyo kama nijuavyo jina langu. Na bado, nilipokuwa peke yangu na nikaliona tumbo langu limejaa, nilihesabu siku zangu kwa vidole. Nilihesabu tena. Nilikumbuka kikombe nilichonywea, taulo nililofutia uso, kiti nilichokalia baada ya mwanamme kuinuka. Mashine moja tu imeletwa karibu yangu, nami nikaanza kujishuku kama walivyonishuku wao. Hilo hadi leo nikilikumbuka naona haya, wala sijui namuonea haya nani.

Habari ilifika Ole kabla ya wiki kwisha. Yule bibi wa kidonda alikuwa na wajukuu wanaomletea chakula, na wajukuu wana midomo. Shangazi wa mchumba, ambaye ndiye aliyesimamia posa, akampigia mama simu. Mama aliweka sauti kubwa kwa sababu sikio lake moja si zima, nami nikasikia yote.

"Tumesikia mgonjwa alipelekewa mashine."

"Mashine gani?"

"Nyie ndio mnaoijua, dada. Siye tuko shamba."

"Hakupimwa kitu. Tulikataa."

"Mlikataa? Kwa nini mkatae, kama hakuna jambo?"

Mama aliihamisha simu mkono wa pili.

"Basi," shangazi alisema, na sauti yake haikuwa mbaya, "kama kuna jambo tuambieni kabla hatujaalika watu. Kuvunja kimya kimya ni bora kuliko kuvunja na sufuria ziko jikoni."

Baada ya simu ile mama alinizuia kutoka. Alisema watu wasinione hadi tumbo lishuke. Wasiponiona wakasema ananificha. Nami nilikaa chumbani nimeegemea ukuta, vidonge vikaisha, na kuhema kukawa ni kazi niliyoifanya kutwa nzima bila kupumzika.

Siku moja adhuhuri nilikohoa, povu likanitoka, lina wekundu. Mama aliliona kwenye kanga. Alijifunga buibui akatoka mbio.

Gari la karibu lilikuwa moja, pikapu ya mzee aliyekuwa akikaa nyumba ya tatu. Mzee huyo alikuwa wa chama kile, na siye tulikuwa wa chama hiki. Tangu uchaguzi mama hakumpa salamu, wala mkewe hakununua tena mandazi ya mama. Msiba ukitokea kwao siye hatuendi, ukitokea kwetu wao hawaji. Hayo yalikuwa ya kijiji kizima, hapakuwa na aliyeyaona ya ajabu. Basi nilimsikia mama akipiga hodi kwenye mlango ambao alikuwa akiupita kama vile haupo.

"Hodi! Hodi, baba!"

"Nani?"

"Mie."

"Mie nani?" Alimjua vizuri sana. "Aa, jirani! Leo nimeonekana?"

"Mwanangu anakufa."

Nilisikia gari linawashwa.

Wakaniweka mbele katikati yao, nimekaa wima. Mzee alikuwa na nyimbo za chama chake kwenye redio ya gari, na zilianza zenyewe alipowasha. Aliziacha. Tulikwenda hadi mjini kwa zile nyimbo, za kuwasema watu wa chama chetu, na mama aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wanawake wote wa mtaa wetu alitazama mbele, akanifuta mdomo, hakumwomba azime. Tulipofika, mzee yeye ndiye aliyenibeba hadi mlangoni. Nilikuwa mzito kwa maji yaliyonijaa mwilini. Nilisikia anavyogugumia, nikatamani nimwombe radhi, pumzi ya kusemea sikuwa nayo.

Daktari alikuwa yule yule. Walinirudisha kitanda kile kile, wakanipa hewa ya puani, na mashine ikaja.

"Mtazame, baba," mama alisema. "Popote. Mtazame popote."

Sasa ruhusa ilikuwapo, ila mikono yangu haikuachia kanga. Nilikuwa nazama nikiwa juu ya kitanda, na bado niliishika kanga. Daktari angeweza kuivuta, sikuwa na nguvu ya kumzuia. Hakuivuta. Alitoka, akarudi na mkunga kutoka wodi ya wazazi, mama mnene mwenye mikono mipana, wote walimwita Bi Mkunga. Wakasogeza pazia la magurudumu. Daktari akaigeuza mashine akabaki nayo upande wa pili wa pazia, waya ukapita chini.

"Mimi nitatazama kioo tu," alisema kutoka kule. "Mkono ni wa Bi Mkunga."

Bi Mkunga akaingiza mkono chini ya kanga bila kuifunua. Jeli ilikuwa baridi nikashtuka.

"Panda kidogo," daktari alisema. "Njoo kushoto. Zungusha. Zungusha tena. Hapo, usitikisike."

"Sitikisiki mie. Anatetemeka huyu."

"Mshike bega."

"Mwanangu," Bi Mkunga aliniambia sikioni, "usinibane mkono hivyo, nitauacha humu nirudi kwangu na mmoja."

Nililegea. Nadhani nilicheka kidogo. Upande wa pili nikamsikia daktari akisema polepole, kama anajisemea, "Nimeuona." Akaagiza sindano. Dakika zenyewe hazikutosha hata kuchemsha chai.

Walipokwisha nidunga aliuliza kama nataka kuona, nami nikaitikia kwa kichwa, sijui kwa nini. Akasogeza pazia kidogo, akageuza kioo. Bi Mkunga akaweka tena mkono. Nikaona kitu cheusi na cheupe, na katikati yake kitu kinachofunguka na kujifunga, kinafunguka kidogo tu, kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini.

"Huo ni mlango mmoja wa moyo wako," daktari alisema. "Ulitakiwa ufunguke wote. Umekuwa mgumu, damu inapita kwa taabu, inarudi nyuma, maji yanajaa kwenye mapafu na tumboni na miguuni. Ulipokuwa mdogo uliumwa koo mara kwa mara?"

Mama alijibu mafindofindo, kila mwaka.

"Basi inawezekana ilianzia huko."

Nilifikiri kuonwa kifua ndio mwisho wa kuonwa. Kumbe kuna kuonwa ndani zaidi. Nililala pale moyo wangu uko hadharani, unajitahidi kama mjinga, nami nikaona haya kwa ajili yake.

Ile sindano ilikuwa ya kutoa maji, na yalitoka kweli. Niliwekewa chombo nyuma ya pazia mara baada ya mara, na wodi yote ilisikia. Nikajaribu kujizuia, Bi Mkunga akanikemea. "Acha yamwagike! Hapa nani mgeni?" Kufika alasiri nikaweza kusema neno zima bila kukatika.

Na hapo ndipo mama alipofanya alichokifanya. Alikuwa amekaa kitako miguuni pangu, anayatafuna yale maneno ya daktari, na mara nikaona uso wake unafunguka. Aliinuka. Akalisukuma pazia hadi likagonga ukuta.

"Sikieni nyote!" alisema. "Mwanangu hana mimba! Nilisema hana, na hana! Mwanangu ana moyo! Mlango wa moyo wake umekwama, daktari kauona kwa macho yake, muulizeni!"

"Mama, taratibu," daktari alisema. "Haya ni mambo ya mgonjwa."

"Taratibu ya nini, baba? Waliposema walisema taratibu?" Akamgeukia yule bibi wa Ole. "Na weye uwaambie wajukuu zako. Wapeleke na hii."

Alikuwa na furaha. Sijamwona na furaha kama ile tangu hapo. Alisimama katikati ya wodi mikono kiunoni, kama ntu aliyeshinda kesi.

Yule bibi alinitazama muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalijaa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonitisha.

"Masikini ya Mungu," alisema. "Bora ingekuwa mimba. Mimba huzaliwa ikaisha."

Mama alibaki na mikono kiunoni. Niliona neno linavyomwingia. Mikono ilishuka, mmoja, kisha wa pili. Akarudi kukaa miguuni pangu, akanifunika vizuri mahali ambapo nilikuwa nimeshafunikwa.

Nilipotolewa, daktari alinieleza mwenyewe, taratibu, mama akiwa yupo. Vidonge kila siku. Sindano kila mwezi, nisikose. Mlango unaweza kupanuliwa huko Bara, atatuandikia tungoje zamu. Akasema na kuolewa naweza, na kuzaa huenda nikaweza, ila nisishike mimba kabla hajanitazama tena, na nikishika niwe karibu na hospitali. Nilitazama vidole vya miguu yangu, vilikuwa vimerudi vidole. Kila neno nililishika.

Shangazi wa mchumba alikuja siku chache baadaye, na kapu kichwani mwa binti aliyefuatana naye. Alifanya kila kitu kwa adabu. Aliniuliza hali, akanisomea dua, akanipapasa mkono. Kisha akamgeukia mama.

"Dada, kwanza mtusamehe kwa tuliyoyasikia na tukayasema. Mwenetu ni safi, sasa tunajua."

"Alhamdulillahi," mama alisema, wala hakuinua uso.

"Lakini kijana wetu ni mmoja. Mama yake hana mwengine, na anataka kuona wajukuu kabla hajafa. Nyie wenyewe ni wazazi. Hatuna neno na binti. Neno ni la Mungu."

Mama aliichezea ncha ya kanga yake. Nilimtazama, nikaona hajibu kwa kuwa hana jibu. Yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka habari Ole, kwa sauti kubwa, kwa kunipenda. Nami nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo lote, neno kwa neno.

"Daktari kasema huenda nikaweza kuzaa," nilisema.

Ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Binti aliyeleta kapu aliziba mdomo. Mama aliinamisha kichwa kana kwamba nimevua nguo. Mwari hazungumzi mambo ya kuzaa kwake mbele ya wakwe, hata chumbani kwake hazungumzi, na mimi niliyeshindwa kusema ndiyo au hapana mbele ya daktari nilikuwa nimeyasema hayo mchana, ukumbini, nikimtazama mwanamke wa watu usoni.

"Mwanangu," shangazi alisema kwa upole, "hayo si ya kusema wewe."

Akainuka, tukapeana mikono, akaenda zake. Kapu wakaliacha.

Ndani yake mlikuwa na mkate wa kumimina, mzima, umepikwa vizuri hata kingo hazikuungua, na bakuli la kuku wa kupaka lililofungwa kwa kitambaa. Mama alilisogeza kapu kwa mguu. "Sipeleki mdomoni kitu chao," alisema. "Wape paka." Akaenda uani, nikasikia anakuna nazi ambayo hatukuwa na haja nayo.

Nilikaa na lile kapu. Nilijua kinachonifaa, nilie, au nilipeleke nje. Lakini tangu maji yaanze kutoka nilikuwa nimepata njaa ambayo sikuwa nayo miezi mingi, na harufu ya nazi na ndimu ilikuwa imeshajaa ukumbini. Nikakata kipande. Nikakichovya. Kilikuwa kitamu. Nikakata chengine, na chengine, nakula haraka ili mama asirudi akanikuta, mchuzi unanichuruzika hadi kiwikoni, na mle kifuani ule mlango wangu unafunguka kidogo na kujifunga. Niliona haya, na nikaendelea kula.